Bi Ukungu na Picha Zisizo na Nakala

Mtaa mzima unamwita Bi Ukungu. Hata msoma mita za umeme, ambaye ni mgeni wa mwezi mara moja, akifika kwenye kona huuliza, "Kwa Bi Ukungu ni mlango upi?" Jina hilo alipewa na fundi fremu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, siku alipompelekea picha aitie fremu. Fundi aliigeuza picha mara nne, akaitazama kwa jicho moja, akaitazama kwa jingine, mwisho akasema, "Bibie, hapa umepiga nini hasa? Mimi naona ukungu tu."

Mwenyewe hakukasirika. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi ufunge ukungu wangu vizuri," alimwambia, "usije ukatoroka."

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na tatu, na mbele ya pazia alikuwa mpiga picha kama wapiga picha wengine. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye kitambaa cheupe ukutani, kiti cha kuzunguka kilichokwisha kugoma kuzunguka, na kioo cha kujitazama ambacho kila mteja alikisogelea kukagua kola na meno. Watu walikuja kupiga picha za pasipoti, za vyeti vya shule, za vitambulisho vya kazi. "Inua kidevu. Usicheke. Masikio yaonekane." Aliyasema maneno hayo mara nyingi mno, kiasi kwamba siku moja, akiwa anamsuka mdogo wake nywele, yalimtoka bila kujijua, na mdogo wake akamjibu, "Dada, mimi sisafiri."

Lakini nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha pili, na huko ndiko kulikokuwa na mambo.

Alasiri wateja walipopungua, Bi Ukungu aliingia humo na kufanya vitu ambavyo mpiga picha yeyote mwenye akili timamu angeviita uharibifu. Alichukua picha ya ukuta aliyoipiga mwenyewe akailoweka kwenye chai ya rangi siku mbili. Aliikuna filamu kwa sindano. Alimwaga maji ya chumvi juu ya karatasi ya picha, akaianika juani, na chumvi ilipokauka ikaacha fuwele ndogo zinazometameta kama jasho kwenye paji la uso. Alidondosha nta ya mshumaa, akaweka gazeti juu, akapitisha pasi ya moto, nta ikatambaa inakotaka yenyewe. Alipiga msasa. Alishona kwa uzi. Siku nyingine alifukia picha kwenye chungu cha maua na kuifukua baada ya wiki tatu, na vijidudu vya udongo vilikuwa vimekula kona moja vikachora kitu kama ramani ya mito.

Ukizitazama picha hizo huoni mtu, huoni mti, huoni nyumba. Ila ukikaa nazo dakika mbili tatu unaanza kuhisi jambo fulani, kama unapoingia chumba ambamo watu wametoka kugombana sasa hivi.

Na alikuwa na sheria moja, ambayo hakuna aliyeweza kumtoa kwayo. Hakutengeneza nakala. Picha aliyotaka kuifanyia kazi aliichukua ileile ya asili, na negativu yake ileile, ule ukanda wa filamu ambamo weusi ni mweupe na weupe ni mweusi. Hakusafisha picha nyingine ya akiba kwenye karatasi. Mwanzoni alikuwa akitengeneza akiba kama watu wote, na kazi zikatoka za woga, zimepakwapakwa juujuu. Siku aliyoacha ndiyo siku mkono wake ulipoamka.

"Ukijua kuna nakala kabatini," alimwambia fundi fremu, "mkono unakuwa mwongo. Unacheza tu. Unajua ukikosea kuna nyingine."

"Na ukikosea na hakuna nyingine?"

"Basi umekosea kweli. Hiyo ndiyo kazi."

Fundi fremu alitikisa kichwa. "Mimi nikikata ubao vibaya naenda kununua mwingine, na nalala usingizi."

Sasa huyo mdogo wake. Alikuwa mdogo kwa miaka sita, fundi cherehani, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alichukia kupigwa picha kama paka anavyochukia maji. Alisema kuwa na dada mpiga picha ni adhabu tosha, hana haja ya kuongezewa. Mara moja tu alikubali, tena kwa kujitakia. Alikuwa amejishonea gauni la buluu lenye mikono ya puto, akalivaa, akaja studio Jumapili mchana na kusema, "Haya, leo nipige, maana gauni hili likishafuliwa halitakuwa hivi tena." Dada yake alichomoa ile kamera kubwa aliyokuwa akiitunza kama yai, inayokula filamu ya picha kumi na mbili. Akazipiga zote kumi na mbili. Katika zile za mwanzo mdogo wake amekakamaa kama anangoja sindano. Kwenye ya mwisho anacheka, kwa sababu kile kiti kisichozunguka kilizunguka ghafla na nusura kimwangushe.

Miaka minne baadaye mdogo wake aliugua, na haikuchukua hata mwezi. Aliacha mume na mtoto wa kike wa miaka miwili. Shemeji alihamia mji mwingine kwa kazi, akaoa tena, akaondoka na mtoto. Hakuna aliyemlaumu. Mtoto anahitaji nyumba yenye mtu wa kumpikia.

Bi Ukungu alibaki na filamu ile, ambayo hakuwahi kuitolea picha hata moja. Aliitoa kwenye bahasha, akaiinua dirishani ili aone, na hakuweza. Kila alipofika kwenye uso, macho yalikwepa. Akairudisha. Kesho yake vilevile. Wiki nzima ikawa hivyo, mpaka akakata ile ya kwanza kwa mkasi, akaisafisha mara moja tu kwenye karatasi, akaviweka vyote viwili kwenye beseni na kumwaga chai juu ya uso, si kwa sababu alikuwa na wazo lolote la sanaa, bali ili aweze kuitazama bila kuonwa nayo.

Hivyo ndivyo zilivyoanza. Ya kwanza aliifanya akilia. Ya pili akilia. Ya tatu alichukua uzi wa buluu uliobaki kwenye kikapu cha marehemu akaushona juu ya macho, mshono kwa mshono, na machozi yakadondoka kwenye karatasi, akayaacha yaingie kwenye rangi.

Lakini kuanzia ya nne hakuwa analia tena. Hilo ndilo alilokuja kujisuta nalo baadaye kuliko yote. Kuanzia ya nne alikuwa anafurahia. Aliona namna chumvi inavyokula shavu na kuacha kitu kama ufuko mweupe, akashangilia peke yake mle ndani, akapiga makofi. Ya tano aliipiga msasa hadi paji la uso likawa jangwa. Ya sita aliiunguza kingo. Kwenye ya saba alichanganya vyote, chai, nta na uzi, na fundi fremu alipoipokea hakufanya mzaha wowote. Alisimama nayo mlangoni kwenye mwanga, akasema polepole, "Hii nimeielewa. Sijui nimeelewa nini, lakini nimeielewa."

Kumi na moja ziliwekwa kwenye maonyesho kwa jina moja, *Mdogo Wangu*. Watu walikuja. Mwandishi wa gazeti alimuuliza kama hakuogopa kuharibu picha pekee za marehemu, naye akajibu kwa kidevu juu, "Sanaa bila hatari ni kuchora maua kwenye kikombe." Jibu hilo lilichapishwa kwa herufi kubwa. Alilikata na kulibandika ukutani. Picha zote kumi na moja zilichukuliwa, hii kwa huyu, ile kwa yule, nyingine zikavuka mipaka na wenye kuzinunua. Ya saba ilinunuliwa na hospitali kubwa ya mji huohuo, ikatundikwa ukumbini, juu ya mabenchi ya wagonjwa wanaongoja kuitwa.

Ya kumi na mbili, ile ya kicheko, aliianza na kuiacha. Alikuwa ameibandika negativu, kabla hata ya kuisafisha kwenye karatasi, kwa gundi ya unga juu ya kipande cha kioo, akaifunika kwa karatasi laini ya kufungia zawadi na kudondosha nta ya kwanza. Kisha akaona anachoka. Aliitia kwenye droo chini ya mashine ya kukatia karatasi, na miaka ikaenda zake.

Ilienda kumi na saba.

Asubuhi moja msichana mrefu aliyevaa sare nyeupe ya wanafunzi wa uuguzi alisukuma mlango wa studio. Bi Ukungu, bila kuinua macho, alisema, "Pasipoti au cheti?"

"Shikamoo, mama mkubwa."

Kalamu ikamdondoka. Mtu wa kumwita mama mkubwa duniani alikuwa mmoja tu.

Walikumbatiana, wakaachana, wakatazamana, wakakumbatiana tena. Binti alieleza kwamba amepangiwa mafunzo ya vitendo mjini hapo, mwaka mzima, na baba yake ndiye aliyempa maelekezo ya studio. Alikuwa mwepesi wa maneno. Alikikalia kiti, akakijaribu kwa kiuno, akasema, "Hiki kimekufa lini?" Bi Ukungu alicheka, na katikati ya kicheko akakatisha, kwa kuwa alijua binti anaelekea wapi kabla hajafika.

"Mama mkubwa, mimi sina picha ya mama hata moja," binti alisema. "Baba alikuwa nazo mbili za kitambulisho, dari likavuja mwaka tuliohama, zikashikana zikawa kama biskuti iliyolowa. Nikamwambia baba, si hoja, mama mkubwa ni mpiga picha! Mpiga picha hawezi kukosa picha za mdogo wake. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Bi Ukungu.

"Nataka moja tu. Nione uso. Watu wote wananiambia nimefanana naye, na mimi sijui wanasema kweli au wananifariji."

"Ziko," alisema Bi Ukungu. "Ziko kwenye makasha. Nipe siku chache nitafute."

Siku chache zikawa wiki. Binti alipita kila akitoka zamu ya asubuhi, na kila akipita aliambiwa jambo jipya: kasha moja liko juu mno, jingine limekosewa maandishi. Bi Ukungu hakujua kudanganya, alikuwa wa kushikashika vitu anapoongea. Upande wa pili wa ukuta fundi fremu alisikia yote, maana ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao. Siku ya nane alikuja na nyundo mkononi, akaegemea mlango.

"Wewe Bi Ukungu. Mtoto wa watu utamzungusha mpaka lini?"

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie ulivyoniambia mimi. Kwamba hakuna nakala, na kwamba hiyo ndiyo kazi." Alisema bila kucheka, na maneno hayo yaliyokuwa fahari ya maisha ya Bi Ukungu yalisikika kama matusi.

Kesho yake alimwambia. Alimketisha binti, akafunga mlango wa mbele, akaeleza kila kitu: filamu, gauni, chai, maonyesho. Binti alisikiliza akiwa amekunja uso, kama mtu anayesomewa dawa asizozijua.

"Ngoja," alisema. "Ile iliyopo hospitali. Pale kwenye ukumbi wa kungojea. Kile kitu cha rangi ya chai chenye nyuzi."

"Ya saba."

"Kile ni mama?"

Bi Ukungu aliinamisha kichwa.

"Mama mkubwa, mimi nakaa chini ya ile picha kila siku. Nakula pale. Juzi nilimwambia mwenzangu inafanana na shuka lililomwagiwa uji, tukacheka mpaka matroni akatufukuza." Sauti yake ilianza kupasuka. "Nilimcheka mama yangu."

"Hukujua."

"Wewe ulijua! Kumi na mbili zote? Huwezi hata kuacha moja? Mtu anapika sufuria zima hamwachii mtoto hata ukoko?"

Hapo ndipo Bi Ukungu alipoikumbuka droo. Kweli kabisa, hakuwa ameificha. Alikuwa ameisahau, na kusahau kwenyewe kulimuuma zaidi. Alipiga magoti mbele ya mashine ya kukatia karatasi, akavuta, droo ikagoma, akavuta kwa mikono miwili. Kioo kilikuwepo, chini ya mabaki ya karatasi, kimefunikwa vumbi. Akakipangusa kwa kanga aliyojifunga kiunoni na kukiinua dirishani.

Nyuma ya nta na karatasi laini kulikuwa na mtu. Hafifu, kama anayeonekana kupitia kioo cha bafu, lakini mtu. Bega. Mkono wa puto. Duara la uso lililoinama upande.

Binti alisogea mpaka pumzi yake ikaweka doa kwenye kioo. "Ni yeye?"

"Ni yeye. Anacheka. Kiti kilizunguka."

Kisha binti akatoa simu mfukoni. "Ngoja nipige kwanza. Simu inaweza kugeuza weusi ukawa mweupe, nimeona watu wanafanya."

"Usipige sasa."

"Kwa nini?"

"Utapiga nta. Utapata doa. Acha niisafishe kwanza, nta itoke, karatasi itoke, kisha nitakutolea picha kubwa kama mlango. Nitaitengeneza kwa mkono wangu."

"Mama mkubwa, moja tu. Ya akiba."

Laiti neno hilo lisingesemwa. Bi Ukungu alilisikia na kitu cha miaka mingi kikanyanyuka ndani yake, kigumu, chenye kidevu juu. "Kazi yangu haina akiba," alisema. "Ukiwa na akiba mkono unalegea. Niamini mimi. Hii nitaifanya kama nilivyofanya zote." Akaichukua simu mkononi mwa binti, kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akaiweka mbele kwenye kaunta, nje ya chumba. "Mikono miwili nataka. Shika beseni hili lisitikisike."

Binti alishika beseni. Alikuwa mwanafunzi, na amezoea wakubwa wanaosema shika hiki.

Nta ilitoka vizuri. Bi Ukungu aliikwangua kwa ukucha na kisu cha plastiki, ikabanduka kwa vipande kama magamba ya samaki, na kila kipande kilipotoka uso ulizidi kusogea karibu. Binti alikuwa anatabasamu bila kujua. "Naona meno," alinong'ona. "Meusi! Ana meno meusi!"

"Kwenye negativu ndivyo. Yatakuwa meupe."

Ikabaki karatasi na gundi ya unga. Gundi ya unga hulainika kwa maji ya uvuguvugu, hilo kila mtu anajua. Bi Ukungu alipasha maji, akayapima kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga, akalaza kioo ndani. Dakika tano. Karatasi laini ikavimba, ikajitenga, akaivuta kwa koleo ndogo, ikaja nzima. Alishusha pumzi. Mkono wake ulikuwa imara kuliko ulivyokuwa miaka yote, na kwa kitambo kidogo, ingawa alikuja kujilaani kwa hilo, alijisikia fahari.

Kisha uso ukasogea.

Filamu si kitu kimoja. Kuna plastiki, na juu yake kuna utando mwembamba kuliko ngozi ya maziwa, na picha yote imo kwenye utando huo. Miaka kumi na saba ya gundi na joto la droo ilikuwa imeshaulegeza. Maji ya uvuguvugu yalipopita chini yake ulijibandua polepole kuanzia kona ya bega, ukaachana na plastiki, ukapanda juu ya maji na kutandazika.

Na pale, kwa muda wa pumzi tatu au nne, alikuwepo. Mzima. Hakuna nta, hakuna karatasi, hakuna doa. Mwanamke kijana mwenye mikono ya puto, ameegemea upande, kichwa nyuma, mdomo wazi, akielea kwenye beseni la plastiki la manjano, kila unywele ukihesabika.

"Simu!" alisema binti. "Usiguse, mama mkubwa, usiguse chochote, nakuja!"

Aliachia beseni na kukimbia. Beseni likatikisika kidogo, si sana. Utando ukayumba, ukatulia. Ungetulia hivyo muda wa kutosha, Bi Ukungu alikuja kufahamu baadaye. Maji yalikuwa yametulia. Ilibidi asimame tu, aweke mikono nyuma, asifanye kitu.

Lakini hakuwahi kusimama mbele ya beseni bila kufanya kitu. Aliona ukingo mmoja unaanza kujikunja, akachukua karatasi nyeupe, akaitelezesha chini ya maji ili aupokee utando kwa juu, kama anayemwokoa kipepeo. Karatasi iligusa shingo. Shingo ikajikunja. Akajaribu kuinyoosha kwa ncha ya kidole, na uso ukamfuata kidole, ukajifunga kukizunguka, ukachanika katikati, na alipoinua mkono kwenye kidole chake kulikuwa na kitu cha kijivu, laini, kama kamasi.

Binti alirudi na simu imewashwa. Alitazama beseni. Alitazama kidole.

"Nilikuambia usiguse."

"Ulikuwa unajikunja, mwanangu, nilitaka—"

"Nilikuambia usiguse! Nilikuambia nipige kwanza!" Aliinama juu ya beseni, akapiga picha moja, mbili, tano, za maji na vinyuzi vya kijivu vinavyozunguka, akipiga tu. Kisha akaacha. Alikaa chini sakafuni na sare yake nyeupe, akaegemea miguu ya meza.

Bi Ukungu alikaa pia, taratibu, magoti yakilia. Upande wa pili wa ukuta nyundo ya fundi fremu ilikuwa imenyamaza.

"Nilimwona," alisema binti. "Kidogo. Lakini kinyume. Nikifumba macho namwona ana nywele nyeupe na meno meusi. Siwezi kumgeuza."

"Nisamehe."

Binti alipangusa pua kwa mkono wa sare. "Basi niambie wewe. Umekaa naye miaka thelathini. Niambie alikuwaje, nijue hata kwa maneno."

"Alikuwa..." Bi Ukungu alianza, na alianza kwa furaha, kwani hili angalau angeweza kumpa. "Alikuwa na paji pana, wazi." Akanyamaza. Paji pana lilikuwa la ile ya tano, lilipanuliwa na msasa. "Rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, iliyokolea huku kwenye mashavu." Hiyo ilikuwa chai. Alijaribu macho, akaona nyuzi za buluu. Alijaribu shavu, akaona chumvi. Kila alipobisha, mlango uliofunguliwa ulikuwa wa kazi yake mwenyewe, na nyuma ya kazi hakukuwa na mtu.

Binti alikuwa anangoja. Alipoona mama mkubwa amekwama, alimsaidia, kama anavyofundishwa kumsaidia mgonjwa asiyekumbuka: alimwuliza swali dogo.

"Akicheka, shavu lilikuwa linabonyea? Baba anasema lilikuwa linabonyea. Hakumbuki ni la kulia au la kushoto."

Bi Ukungu alifumba macho. Kwenye beseni alikuwa ameona kibonyeo, ana hakika, kivuli kidogo karibu na mdomo. Lakini utando ukielea unaweza kuwa umelala kifudifudi au chali, na kulia kukawa kushoto, na yeye mpiga picha wa miaka yote hiyo hakutazama. Alirudi nyuma zaidi, kabla ya beseni, kabla ya kamera, jikoni kwa mama yao, uani, kwenye mkeka wa kusukana, akimtafuta msichana aliyesema mimi sisafiri. Sauti aliisikia. Uso ulikuwa umempa mgongo.

Angeweza kusema la kushoto. Binti angeamini. Angeondoka na shavu la kushoto maisha yake yote, angewaonyesha wanawe.

"Sijui," alisema.

"Hata kwa kukisia?"

"Sitaki kukisia. Sijui, mwanangu."

Binti alitikisa kichwa polepole. Alisimama, akajikung'uta, akatazama sare iliyolowa magotini na kusonya kwa sababu zamu ya mchana ilikuwa karibu. Mlangoni alisimama kidogo, mkono kwenye pazia. Bi Ukungu alidhani atasema kitu, naye akajiandaa kukipokea chochote kile.

"Ile ya hospitali," binti alisema. "Nitamwomba matroni anihamishie benchi, nisile tena chini yake."

Akaenda. Bi Ukungu alibaki sakafuni na mkono ameunyoosha mbali na nguo, maana hakujua kitu kile kidoleni akifute na nini.